Mjomba Hana Msitu

Watu wakisikia kwamba mume wangu alikuwa mtunza wanyama wakali na kwamba amefariki, swali huwa moja tu, hata wakilizungusha kwa adabu: aliliwa? Hakuliwa. Alikufa nyumbani asubuhi, amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu. Mshipa ulipasuka kichwani, ndivyo walivyoniambia hospitali, nami nikawajibu ahsanteni kama mtu aliyeelekezwa njia. Baada ya mazishi nikarudi kazini. Wakasema nina moyo wa jiwe. Laiti ningekuwa nao. Jiwe ukilipiga teke angalau unaumia kidole. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Chai ya moto, maji baridi, pole za majirani, vyote vilinipita sawasawa.

Kazini kwetu ni bustani ya wanyama ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mimi na marehemu tuliajiriwa pamoja na tukapewa banda moja, la mwisho kabisa, ambalo wageni hulifikia wakiwa wamechoka na watoto wao wanataka kwenda haja. Humo aliishi Mjomba.

Mjomba si mtu. Baba yake alikuwa simba na mama yake simbamarara, yule paka mkubwa mwenye milia. Mwenye bustani aliwaweka chumba kimoja tangu wadogo, akijua kwamba mtoto wao atajaza watu getini, na kweli watu walijaa. Tusidanganyane, hapakuwa na mapenzi pale, palikuwa na biashara. Mtoto akatoka rangi ya mchanga, na milia iliyochujuka mgongoni kama shati linalofuliwa kila siku, na shingoni vinywele vichache tu badala ya yale manyoya ya kutisha ya baba yake. Halafu akakua. Akampita mama, akampita baba, na bado akaendelea, maana miili ya wanyama wa namna yake haijui pa kusimama. Mume wangu ndiye aliyempa jina. "Anakula, analala, na hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini," alisema. "Huyu ni mjomba aliyekuja kusalimia."

Alipenda maji kama upande wa mama yake, akijitumbukiza kwenye dimbwi la saruji mpaka nusu ya maji inamwagika nje. Jioni alinguruma kama upande wa baba. Akifurahi alipuliza puani kama mtu anayezuia chafya, na hiyo ndiyo salamu ya kina simbamarara. Alikuwa na lugha mbili na hakuwa na wa kuongea naye hata moja.

"Na huyu kwao wapi?" wageni waliniuliza kila siku.

"Kwao hapa," nilijibu.

Hawakuridhika. Walitaka niwatajie mbuga au msitu, mahali ambapo wangeweza kumfikiria akikimbia. Nami sikuwa na pa kuwatajia. Simba na simbamarara kila mmoja ana kwake, na hata wangekutana njiani wasingetazamana kwa jicho hilo. Watoto kama Mjomba huzaliwa pale tu ambapo binadamu amefunga mlango akakaa na ufunguo. Tena dume la namna yake halizai. Kwa hiyo Mjomba hakuwa na msitu wa kurudi, hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa na uwanja wenye uzio, dimbwi, chumba cha ndani na ndoo yake ya nyama.

Basi mwenye bustani akazeeka akafa, wanawe wakakiuzia kiwanda cha matofali eneo lote, na wanyama wakaanza kugawanywa. Twiga walikwenda, nyani walikwenda, hata kobe alipata wa kumchukua. Daktari wetu wa wanyama, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alishika simu kumtafutia Mjomba mahali. Nilikuwa nimekaa naye ofisini alipoongea na makao ya simba.

"Ni simba?" waliuliza upande wa pili. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote.

"Nusu," daktari akasema.

"Nusu ya upande gani?"

"Wa baba."

"Sisi tunapokea simba kamili, dada yangu."

Akapiga kwa wanaotunza simbamarara. Hao walisema apelekwe kwa baba yake. Ukoo wa baba ukamkataa, ukoo wa mama ukamkataa. Nimeona watoto wa watu wakifanyiwa hivyo, lakini wao huwa na shangazi mmoja mkorofi wa kuwatetea. Mjomba alikuwa na daktari mwenye mafua na mimi. Tulipokwisha kukata tamaa ndipo tukapata shamba moja la mbali, la bibi anayetunza wanyama wazee waliostaafu sarakasi. Bibi huyo hakuuliza nusu wala robo. Aliuliza anakula kiasi gani, akaguna, akasema mleteni.

"Lori litakuja Ijumaa," daktari akaniambia akiweka simu chini. "Lakini sikiliza. Figo zake zimechoka, na moyo nao umechoka. Nikimchoma sindano ya usingizi hataamka. Lazima aingie kwenye kizimba cha safari kwa miguu yake mwenyewe."

"Asipoingia?"

"Jioni ile ile kiwanda kinakabidhiwa eneo. Askari wa wanyamapori atakuwepo na bunduki yake." Alisema hivyo akitazama viatu vyangu. "Sitaki. Unajua sitaki."

"Najua," nikamjibu, nikaenda kuosha ndoo.

Nilipaswa kulia pale, au kupiga meza. Niliosha ndoo. Lakini nilijua kitu ambacho daktari hakukijua vizuri, kwamba tangu mume wangu afe Mjomba hakuwa ameingia ndani hata mara moja.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Uwanja wa Mjomba na chumba chake cha ndani vimetenganishwa na mlango wa chuma unaopandishwa kwa waya. Ili kusafisha uwanja, lazima umwingize ndani. Ila chumba hicho kina mlango mwingine, unaotokea kwenye ujia tunakopita sisi, na huo ukisahaulika wazi utajikuta umesimama na Mjomba uso kwa uso. Kwa hiyo watu huwa wawili. Wa kwanza anaweka nyama chumbani, anatoka, anashika waya na kuita, "Mlango!" Wa pili anaweka mkono kwenye komeo la ule mlango wa ujia, analivuta kuona kama limeingia sawasawa, ndipo anajibu, "Umekaa!" Bila jibu hilo waya hauvutwi, hata mvua inyeshe. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa sababu nina haraka. Mume wangu alikuwa wa pili kwa sababu yeye hakuwa na haraka na kitu chochote duniani, hata kufunga kamba za viatu.

Alipokufa, wana wa mwenye bustani hawakuajiri mwingine, bustani yenyewe ikiwa inafungwa. Nikawa nafanya yote peke yangu. Nilikwenda kwenye komeo, nikalikagua, nikarudi kwenye waya, nikaita "Mlango!" kisha nikajijibu mwenyewe "Umekaa!" Naona wewe unacheka. Mzee wa getini naye alicheka, akadhani nimechanganyikiwa. Lakini mazoea ni mazoea, na mdomo wangu ulikataa mkono uvute waya kabla neno halijatoka. Nilivuta, mlango ukapanda, nyama ikawa pale inanukia, na Mjomba akabaki amelala kando ya dimbwi ananitazama. Nilibadilisha nyama. Nilimnyima chakula mpaka mbavu zikaanza kuonekana, halafu nikashindwa mimi. Mwishowe nikawa namrushia nyama kwa juu ya uzio na kusafisha uwanja kwa mpira wa maji nikiwa nje. Daktari alisema labda ni uzee, labda miguu inamuuma akikanyaga saruji ya ndani. Nikakubali. Siku hizo nilikuwa nakubali kila kitu.

Sasa nimtaje shemeji yangu. Ni mdogo wake marehemu, fundi wa matairi, na kibanda chake kipo njia panda mkabala na kituo cha mafuta. Ni mtu mpole, mchafu wa grisi mpaka masikioni, mwoga wa kila kitu chenye meno. Hakunikosea lolote. Lakini yeye na marehemu walikuwa na sauti moja. Sisemi zilifanana, zilikuwa moja, ile nzito yenye mkwaruzo, kama mtu ameamka sasa hivi. Nilipokuwa mke mpya nilimjibu yeye mara nyingi nikidhani ni mume wangu, na nyumba nzima ikacheka. Siku ya mazishi alinikaribia akasema, "Pole, shemeji," na mimi nikageuka nikamwacha amesimama na mkono wake hewani.

Tangu hapo sikupokea simu zake. Nilibadilisha hata njia ya kurudi nyumbani ili nisipite pale njia panda, nikawa nazunguka na kiwanda, nafika na vumbi la matofali mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alinipigia kunisema. "Mwanangu, mdogo wake mumeo amekufanya nini? Hali chakula vizuri, anadhani umemchukia." Nikamwambia sina chuki na mtu. Ilikuwa kweli. Sikuwa na chuki wala kitu kingine chochote.

Jumatano ile nilikuwa bandani najaribu tena. Kizimba cha safari kilikuwa kimeshaletwa, sanduku la chuma refu lenye nondo na mlango kila mwisho, limewekwa nje kwenye nyasi. Niliweka nyama, nikakagua komeo, nikashika waya. "Mlango!" nikaita. "Umekaa!" nikajibu. Nikavuta. Mjomba akanitazama kwa yale macho yake ya manjano, akaweka kidevu chini.

Hapo mtu akaita kutoka mwanzo wa ujia, nyuma ya geti dogo. "Shemeji! Shemeji, upo huko?"

Mjomba akainua kichwa. Akainuka mzima mzima, kwanza nyuma halafu mbele, kama wazee wanavyoinuka. Akapuliza puani ile salamu yake. Kisha akatembea, bila kunitazama, bila kuitazama nyama, akapita chini ya mlango akaingia ndani na kusimama anaangalia upande wa ujia, masikio mbele.

Mikono yangu ilijua kazi kuliko mimi, ikaushusha mlango nyuma yake. Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi ninayemwingiza. Mimi ndiye niliyebeba nyama, mimi ndiye niliyenuka damu mpaka watu wananihama kwenye benchi, mimi ndiye niliyeita. Kumbe alikuwa hanisikilizi mimi. Alikuwa anasubiri jibu. Aliingia kwa sababu kuna mtu ndani ambaye amesema sawa, njoo. Na tangu mtu huyo anyamaze, hakuona sababu ya kuingia.

Niliona wivu. Nasema ukweli wangu, niliona wivu juu ya mnyama, na ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mazishi. Kikapita haraka.

Nikatoka kwenda getini. Shemeji alikuwa amesimama na kofia mkononi, anaogopa kuingia na anaogopa kuondoka.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu," akasema, "halafu nitakwenda zangu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Shemeji, unazunguka kiwanda kizima usinione. Wateja wangu wananiuliza kama nina deni lako."

"Ni sauti yako," nikasema.

"Sauti yangu imefanya nini?"

"Ni yake."

Akaangalia kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Sasa nifanyeje?" akasema mwishowe. "Nikaazime ya jirani?"

Ningecheka zamani. Nilimwambia asimame pale pale, nikamweleza habari ya Ijumaa yote, lori na kizimba na bunduki, na nilichokiona dakika ile. Nilimwomba aje aseme neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unataka nimdanganye."

"Nataka apone."

"Kwa kumdanganya."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa kumdanganya."

"Mimi naogopa hata paka wa mama," akasema. Lakini akauliza aje saa ngapi.

Ijumaa walifika wote: dereva wa lori, daktari na mafua yake, mzee wa getini, na askari wa wanyamapori, kijana mnyamavu aliyeegemeza bunduki ukutani mbali kidogo, kwa heshima, kama mtu anayeacha viatu nje. Tulikisukuma kizimba ndani ya ujia mpaka mdomo wake ukakutana na mlango wa chumba cha ndani, tukaufungua mlango ule. Sasa njia ilikuwa moja iliyonyooka: uwanja, chumba, kizimba. Mjomba nilikuwa nimemrudisha uwanjani, maana mlango wa ujia haufunguliwi yeye akiwa chumbani. Shemeji nilimsimamisha mwisho wa kizimba, penye komeo la nyuma.

"Nikiita, wewe usijibu kwanza," nikamwambia. "Unaweka mkono hapa, unavuta, unaona limekaa, ndipo unasema. Hata kama unajua limekaa."

"Hata kama najua."

"Hata kama."

Alikuwa amevaa shati safi. Jasho lilikuwa linamtiririka tangu masikioni.

Nikashika waya. "Mlango!"

Akavuta komeo. Akasafisha koo, akatanua kifua, akapiga ukelele, "UMEKAAA!"

Nikavuta waya, mlango ukapanda. Mjomba aligeuza sikio moja. Hakuinuka. Nilijua kosa papo hapo, maana hata mimi neno hilo lilinipita kama tangazo la redioni. Shemeji alikuwa anamwigiza kaka yake. Alikuwa ameongeza uzito, ameongeza mkwaruzo, ametia chumvi mpaka sauti ikaharibika. Nilimwambia aseme kawaida. Akajaribu kusema kawaida, na hakuna kitu kigumu kama hicho. Ikatoka nyembamba, ya mtu anayesomewa mashtaka. Tukarudia. Mjomba akalala ubavu.

Askari aliangalia saa yake, halafu akaona nimemwona, akaangalia mbingu. Daktari alikuja akasimama karibu yangu. "Tunaweza kusubiri kidogo," akasema, na tulijua sote kwamba kidogo hicho ni kidogo kweli. Nilimtazama Mjomba pale kando ya dimbwi lake, mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtaka. Nikafikiri, atakufa leo kwa sababu shemeji yangu hana kipaji cha maigizo. Nilifikiri hivyo bila kutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba sikutetemeka.

Shemeji alikuwa amevunjika moyo. Alikaa chini kwenye ujia, akajifuta uso na shati lake safi, na macho yake, kwa kukosa pa kwenda, yakaenda nje ya mlango mkubwa wa banda ambako lori lilisimama.

"Dereva," akasema. "Hilo tairi lako la nyuma limelika upande mmoja."

"Wapi?" dereva akasema.

"La ndani, la kushoto. Hujaliona? Waya karibu zitoke. Hapo mpangilio wa magurudumu umekwenda kombo. Utabadilisha tairi kila mwezi na ugonjwa utabaki pale pale."

"Lilikaguliwa juzi."

"Na nani? Na kinyozi?"

Nikasikia makucha kwenye saruji. Mjomba alikuwa amesimama. Sikugeuza kichwa, niliinua mkono tu kuwanyamazisha wengine, na nikasema polepole, "Shemeji, usinyamaze. Endelea hivyo hivyo."

"Niendelee nini?"

"Matairi. Sema matairi."

Akaelewa. Nikaogopa kwamba sasa ataanza tena kuigiza. Lakini matairi anayajua, na mtu hawezi kuigiza kitu anachokijua. Akaanza kumweleza dereva jinsi ya kusoma tairi. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika pande zote mbili, upepo ni haba. Likilika kwa mabonde mabonde, usililaumu tairi, tazama springi. Sauti ilikuwa ile, nzito, yenye usingizi, isiyo na haraka na kitu chochote duniani. Mjomba akapita chini ya mlango wa kwanza. Akapuliza puani. Akapita chumbani, akaruka nyama, akaingiza kichwa kizimbani, mabega, mwili wote ule usiokwisha, mpaka mkia.

Nikashusha mlango wa kizimba. "Mlango!" nikaita.

Shemeji alisimama, akaweka mkono kwenye komeo la nyuma, na pua ya Mjomba ikiwa upande wa pili wa chuma, shibiri moja tu. Akavuta. Akatazama. "Umekaa," akasema.

Watu wakapumua. Mzee wa getini akapiga makofi, daktari akamkanya. Askari akachukua bunduki yake akaitoa nje, haraka, kama mtu aliyekuja nayo kwa bahati mbaya.

Mjomba akaweka uso kwenye nondo. Akamtazama shemeji. Akamnusa, kwanza mkono, halafu shati, akavuta hewa ndefu na kukunja midomo jinsi wanavyofanya wakitaka kujua jambo kwa uhakika. Nikaliona likimwingia. Hakunguruma. Alirudi nyuma hatua chache alizoweza, akageuka kwa shida kwa sababu kizimba kilikuwa chembamba, akatupa kisogo. Halafu akaanza kutembea mbele na nyuma, mbele na nyuma, akigonga bega kwenye chuma, na pumzi yake ikawa fupi.

"Sitaki hiyo," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Safari ni ndefu. Moyo wake hautaiweza."

Shemeji alikuwa ameshaanza kujiondoa, anarudi kinyumenyume na kofia yake. "Ameshajua," akaniambia. "Ameshajua si yeye. Ninyamaze tu, shemeji, namuumiza bure."

"Hata mimi najua si yeye," nikasema. "Endelea kusema."

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, kwa sababu sikuwa na habari nao. Nilijua tu kwamba umelowa na kwamba kifua kinaniuma, kinaniuma kweli, mahali hasa, ningeweza kukuonyesha kwa kidole. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa ujia. Yeye akachuchumaa kando ya kizimba, na kwa sababu hakujua jambo lingine la kusema, akarudi kwenye matairi. Akaeleza jinsi ya kutafuta tundu dogo lisiloonekana. Unajaza upepo, unalizamisha tairi majini, unalizungusha taratibu, na unangoja. Usiwe na pupa. Mapovu yatakuonyesha yenyewe.

Mjomba aligonga chuma mara moja tena. Halafu akasimama. Kisogo alikuwa bado ametupa, hakutaka kumwona mtu, lakini sikio moja liligeuka nyuma, na baadaye la pili. Akalala chini, pole pole, akapumua kwa kirefu. Daktari akaonyesha kwa kidole kwamba shemeji atasafiri nyuma ya lori pamoja na kizimba, apende asipende, na shemeji akakubali bila kubisha. Nikajua kwamba mimi nami nitapanda.

Akafika mwisho wa tundu na kiraka. Nikaona anatafuta la kuongeza na halipo, na ukimya ukaanza kuingia bandani.

"Na tairi la mbele je?" nikamuuliza haraka. "Hilo nalo mnalifanyaje?"